Kitambaa cha Tumboni

Kwenye maduka ya vitambaa ya mji wetu wa Kamembe kuna wavu mwembamba unaoitwa rangi ya mwili. Mafundi huushona kwenye mikono na vifua vya magauni ya maharusi. Una rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nilimuuliza muuzaji ni mwili wa nani huo. Akanijibu kwamba kama sinunui, nisimzibie mlango.

Niliuhitaji kwa ajili ya mwenzangu. Tuko wanawake saba tunaocheza dansi ya tumbo kila Jumapili alasiri. Mimi niliianza chuo kikuu, kwa kuiga video za simu, nikawaletea wengine. Huyu mwenzangu anauza nyanya sokoni, ana watoto watatu, na kwa kucheza hakuna anayemfikia. Wifi yake alikuwa anaolewa, akatuomba tucheze harusini. Mwenzangu alitamani sana kucheza, lakini mavazi yetu huacha tumbo wazi, na lake lina kovu la upasuaji kutoka kitovuni kushuka chini. Alisema waziwazi: tumbo lisipopata nguo, yeye atakaa na wageni.

Nikaamua kwamba tatizo ni rangi. Nilichemsha majani ya chai mpaka maji yakawa meusi, nikatumbukiza vipande vya ule wavu, nikavitoa kimoja kimoja. Cha nne, nilipokilaza juu ya mkono wake, kilipotea kabisa. Nilitembea siku nzima kama mtu aliyevumbua moto.

Fundi wetu ni mama Mwislamu mwenye cherehani yake nyuma ya soko. Nilidhani atakataa kazi ya namna ile. Aliuliza tu harusi ni lini, akachukua utepe wa kupimia.

Mwenzangu alitoka nyuma ya pazia akiwa amevaa wavu wangu. Kovu lilikuwa limefifia. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Belle-mère atakaa mbele kabisa," alisema, akimaanisha mama mkwe wake. "Ataona tumbo. Nguo hataiona."

Nikaanza kumweleza habari za taa na umbali. Akanikatiza.

"Nani alikuambia naficha kovu? Batoto bangu walipitia hapa. Sitaki tu aseme muke wa mutoto wake alisimama uchi mbele ya bantu."

Mimi ninayeuliza kila kitu, hadi wavu ni wa mwili wa nani, sikuwa nimemuuliza mwenye tumbo anaogopa nini.

"Iniversite imepika chai," alisema fundi akinitania kwa usomi wangu, pini zikiwa mdomoni. "Tuinywe basi."

Kisha akainama chini ya meza, akavuta baki la kitambaa cha mishanana, kile chepesi ambacho mama zetu hufunga begani siku za sherehe, chenye rangi ya ndizi mbivu. Nilipinga. Kitafunika kila kitu, nilisema, na hatukufanya mazoezi miezi yote hiyo ili tufunikwe. Fundi hakubishana nami. Alishika pembe mbili zinazotazamana, akavuta, na kitambaa kikavutika kama kina pumzi. Kikikatwa kwa mshazari, alisema, kitafuata tumbo popote linapokwenda. Nikataka kwanza kuona.

Akakibana kwa pini juu ya sketi ya kijani ya mwenzangu ya kuchezea, akawasha muziki kwenye simu yake. Mwenzangu alitikisa tumbo kidogo tu. Kila mtikisiko ukawa wimbi dogo la mwanga, likashuka mpaka kiunoni. Niliona miondoko ambayo sikuwahi kuiona mazoezini. Naye aliiona kwenye kioo, akarudia, safari hii bila kujizuia.

Fundi alishika chaki akatutazama. Nilishauri tukitoe kwanza nje, tukione juani.

"Kata," alisema mwenzangu.

Siku ya harusi mama mkwe wake alikaa mbele kabisa, kama ilivyotarajiwa, na hakupiga makofi. Dansi ilipokwisha aliinuka, akatembea hadi kwa mkwewe. Alishika upindo wa kile kitambaa, akausugua kati ya vidole, akauliza kilinunuliwa wapi.