Nta ya Mkebe

Hebu fikiria Jumamosi asubuhi kule Waithaka, mahali pa kuoshea magari, mvuke ukipanda taratibu kutoka kwenye boneti zilizolowa. Kando yangu alisimama mama mmoja aliyeleta gari kuukuu la marehemu mumewe. Mnunuzi alikuwa njiani kulichukua.

"Mathe, nikupulizie hii nta ya chupa," mwoshaji akamwambia. "Dakika mbili tu, inang'aa kama kioo."

"Hapana, mwanangu. Nipe ile ya mkebe, na kitambaa."

"Lakini gari si unaiuza leo?"

"Ndiyo maana."

Akaipaka mwenyewe, kwa miduara midogo midogo, kama anayembembeleza mtoto alale. Alipofika mlango wa dereva, mnunuzi akawasili, simu mkononi. Alimtazama kidogo, kisha akaitia simu mfukoni.

"Gari imeng'aa tayari, mama."

"Najua. Bado upande mmoja."

"Basi malizia. Nangoja."

Mwoshaji naye akazima mashine yake ya maji.

Nta ya kupuliza ni nzuri, hasa kwetu tunaoharakisha kwenda kukaa kwenye foleni ya magari. Ila ukimkuta mtu anasugua kitu kilichokwisha kung'aa, tafadhali kumbuka kwamba huenda anakiaga.