Jioni ya Sayari, Kimulot

Mwaka uliotangulia Madaraka ulinikuta nimeshakosa mke kwa sababu ya ng'ombe mmoja, na nilimsimulia jambo hilo kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Wazazi wa msichana, watu wa upande wa Ndanai, walikuwa wamekubali mahari yote ila walishikilia kwamba lazima awemo yule ng'ombe mwekundu wa baba yangu, maana uzao wake ulisifika kwa maziwa. Ng'ombe huyo hakuwa nyumbani. Alikuwa Merigi kwa rafiki wa baba, kwa ile desturi yetu ya kimanagan: unampa rafiki ng'ombe akutunzie, yeye anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wako, na ugonjwa ukiingia boma lako haukumalizi kabisa.

Baba alipotuma habari kwamba sasa anamhitaji ng'ombe wake, rafiki alikuja na ngozi begani. Ng'ombe akifa, mtunzaji hana budi kuleta ngozi, mwenyewe aione alama yake ya moto. Baba aliikunjua, akaitazama kwa muda, akaikunja. "Pole," akasema, na ikawa basi. Ulikuwa wakati wa ukame, hatukuwa na ng'ombe mwingine wa kutoa, na kabla mvua hazijarudi msichana aliolewa na mtu mwingine. Nilikaa na miche yangu ya chai, nikiinyunyizia maji asubuhi na jioni na kuitukana kana kwamba ndiyo iliyoniponza.

Februari ikaja na habari za sayari. Redio ya karani wa kiwanda cha chai ilisema kwamba sayari tano zitajipanga pamoja na jua na mwezi, jambo ambalo mtu halioni mara mbili maishani. Sisi tuliguna tu tukaendelea na kazi zetu. Halafu mtu akarudi kutoka Kericho akasema Mhindi mmoja amefunga duka ili amwombe Mungu. Hapo hata mwinjilisti wetu alishtuka. "Mhindi amefunga duka? Na si sikukuu?" Kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwamba dunia imefika mwisho.

Akatuita Jumapili jioni kwenye kilima cha kanisa, mahali ambapo mtu aliona magharibi yote, chai chini na anga juu. Watu walitoka mbali, hata huyo rafiki wa baba alitembea kutoka Merigi. Mwinjilisti alisema kila mmoja aungame kabla sayari hazijaonekana, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kwetu, aliongeza: "Mungu ataanza kuuliza mambo ya ng'ombe. Kama uko na ng'ombe ya mtu, sema sasa."

Mama mmoja aliungama kwamba hutia maji katika maziwa anayouza. Tulikuwa tunajua. Mwanamume mmoja alikiri kwamba alisogeza ua kuelekea kwa jirani, akaahidi kuurudisha ikiwa kesho itakuwepo. Nilikuwa nacheka chini kwa chini. Jua lilikuwa limeshaanza kugusa vilima wakati rafiki wa baba aliposimama na kuvua kofia.

"Hiyo ng'ombe haikukufa," alisema, akimtazama baba. "Iko kwangu. Imezaa. Hiyo ngozi ilikuwa ya ng'ombe yangu, nyekundu pia, ukame ilimaliza. Nilichoma alama yako juu yake."

Kicheko kilinikauka mdomoni.  Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu mzee ilikuwa ndefu, tena yenye malisho mazuri. Nilipiga kelele mbele ya kanisa zima, nikamwuliza kwa nini.

"Mama ya mtoto wangu alikufa siku ile alizaa," alisema. "Mtoto alikuwa anaishi na maziwa ya hiyo ng'ombe. Halafu baba yako akaita ng'ombe yake."

"Si ungeomba?"

"Ningeomba namna gani? Ilikuwa ya harusi yako. Watu wangesema nini?"

Hakuna aliyekuwa anatazama anga tena. Watu wote walimgeukia baba, wakingoja amlaani au ampige, na mimi nilingoja kuliko wote. Baba alikaa pale pale kwenye nyasi.

"Nilijua," alisema.

Mwinjilisti mwenyewe akamwuliza, kwa jina la heshima tunalomwita mzee, "Ulijua nini, boiyo?"

"Alama ya ng'ombe hai inapona, inakuwa kovu. Ile ilikuwa imechomwa juu ya ngozi ya kitu kimekufa. Hata mtoto angeona, kama angeangalia."

Mimi sikuwa nimeangalia. Nilikuwa mlangoni siku ile, nikimlilia msichana wangu, na baba alikuwa ameishika ngozi mikononi, anajua kila kitu, anasema pole. Kwamba rafiki yake alidanganya lilikuwa pigo, lakini pigo hilo ningeliweza. Hili la baba sikujua nilishike wapi. Nilimtazama yule mzee aliyenilea nikaona mtu ambaye sijawahi kukutana naye, nikaogopa, kweli niliogopa, kuliko nilivyoogopa mwisho wa dunia.

Jua likazama. Giza likaja na nyota zile zile za siku zote, na hata mwezi haukuonekana. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja alinieleza kwamba sayari zote zilikuwa zimejipanga karibu na jua na mwezi pamoja nazo, kwa hiyo zilizama nalo kabla giza halijaingia. Jioni ile mwinjilisti alikohoa tu, akasema Bwana ametuongezea siku za kutubu, watu wakaanza kushuka kilima. Mwenye ua alionekana kujutia haraka yake.

Jumanne, wakati wa alasiri, rafiki wa baba alifika bomani kwetu na ng'ombe mwekundu na ndama wake. Mgongoni alikuwa amembeba yule binti yake mdogo, naye mtoto ameshika mkia wa ng'ombe, amekataa kuuachilia tangu walipotoka nyumbani. Wazee wawili walisalimiana kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha baba akaniambia, "Hii ng'ombe ilikuwa ya ndoa yako. Sema wewe."

"Ya ndoa gani?" nilisema. "Nimwoe nani sasa?"

 Nilimvuta baba kando, karibu na ghala la mahindi, nikamwuliza lile nililokuwa nalo tangu Jumapili. "Ulimwonea huruma mtoto wa mtu mwingine. Na mimi je? Mimi ni mtoto wa nani?"

Baba alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima ng'ombe sokoni.

"Wewe ulikuwa na meno," alisema. "Yule hakuwa nayo."

Nilirudi pale walipokuwa wamesimama, nikamwambia yule mzee aondoke na ng'ombe, na ndama pia. Sikusema kwa upendo, wala kwa sababu ya kanisa. Nilisema kwa hasira, nikachukua ndoo nikaenda kumwagilia miche, na baba sikumsemesha hadi mahindi yalipokomaa.