Kaka Aliyeshangilia Uhuru Akiwa Nchi Kavu

Ninaandika asubuhi, nimekaa mkekani karibu na ndagala, samaki wetu wadogo, walioanikwa, kwa sababu lazima mtu awafukuze ndege, na kwa kazi hiyo mkono mmoja unatosha. Waliosoma vitabu vyangu huniuliza nilifundishwa wapi kuandika. Shule niliiacha mapema. Uasi ulipofika Uvira walimu walikimbia, na waliporudi mimi nilikuwa nimeshashika jembe. Kuandika nilifundishwa matangani.

Kwetu, watu wakikaa kwenye mikeka kumlilia marehemu, hakuna anayeanza na kifo. Wanaanza na upuuzi wake: alivyomwaga mchuzi harusini, alivyomkimbia bata. Wanacheka machozi hayajakauka. Na anayesimulia akikosea, hukatizwa palepale: hapana, haikuwa harusi, ulikuwa ubatizo. Ndiyo sababu kila mtu ninayemtia kitabuni namwingiza kwa upuuzi wake, na nikimaliza kurasa chache nilikuwa namsomea mama ili anikatize.

Mama hakujua kusoma. Alisikiliza huku akichambua mchele, uso chini.

"Pale umedanganya," alikuwa akisema. "Mwanamuke mwenye njaa hasemi maneno mingi vile. Kata."

Nilikata. Karibu kila mara alikuwa sahihi.

Kitabu kilichonishinda ni cha kaka yangu. Alikuwa mpakuzi bandarini Kalundu, na baba yetu alikuwa mvuvi, lakini kaka aliogopa maji. Gunia alilibeba mpaka pale ubao wa meli unapoanzia. Hapo alimpa mwenzake, akageuka. Walimcheka mpaka wakachoka. Siku ya uhuru vijana walijaa kwenye mitumbwi, wakaenda ziwani wakiimba. Yeye aliwafuata kwa kutembea mchangani, peke yake, na sauti yake ilizidi za wote.

Miaka michache baadaye, mapigano ya uasi yalipokaribia mtaa wetu wa Kilibula, tulipata mtumbwi wa kutuvusha upande wa Burundi. Kaka alisimama ufukweni.

"Panda!" mama alimpigia kelele. "Weye mutoto ya muvuvi, utaogopa maji mpaka lini?"

"Maji haina njia, mama." Alikuwa anacheka. "Minye napita na miguu mpaka kwa mujomba, Katogota. Mutanikuta kule, nimenenepa."

Mjomba hakumwona. Tuliporudi, mama mmoja wa Bwegera, kijiji kilicho kwenye njia ya Katogota, alitueleza kwamba kijana wa namna hiyo alisimama ukingoni mwa shamba lake la mpunga, akaomba maji ya kunywa, akapewa, akaendelea na njia. Baada ya hapo hatukupata neno lolote.

Matanga hayakukaliwa. Mama alikataa. "Aliyepita ziwani anaweza kuzama," alisema. "Aliyepita nchi kavu anachelewa tu." Majirani wakajifunza kutomtaja kaka mbele yake. Nasi nyumbani tukajifunza. Miaka ikapita hivyo, na baba akafa bila kulizungumzia jambo hilo.

Nilipoanza kumwandika, sikumficha mama. Nilimsomea bandari na gunia, akachambua mchele bila kunizuia. Nikafika kwenye mpunga wa Bwegera, mkono ukakataa. Katika vitabu vingine nimewaua watu wengi, kisha nikala vizuri. Huyu sikuweza kumuua wala kumwendesha hatua moja.

"Amefika wapi?" mama aliuliza kila nilipokaa.

"Bado yuko Bwegera."

"Mufikishe basi kwa mujomba. Weye si iko na biki?" Akanyoosha kidole kwenye kalamu yangu.

Nikamfikisha. Niliandika mjomba anavyoinuka kwenye kiti, anavyoita watoto walete maji ya kuoga, kaka anavyokula mpaka anafungua mkanda. Zilikuwa kurasa nzuri, labda nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilimsomea asubuhi, ndagala mbele yetu. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza, aliokota jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa.

"Mujomba wako hakumuona," alisema. "Kata."

Ndege walishuka kwenye ndagala na hakuna aliyewafukuza. Kisha mama akasema, "Soma ile ya siku ya uhuru."

Nikasoma. Kaka alipoanza kuimba peke yake mchangani, mama alicheka, ungo ukatikisika magotini pake. Ng'ambo ya ua jirani yetu, muuza mawese, alikuwa anasikia yote.

"Hapana, dada!" akaita. "Siku ile aliingia ku maji! Mpaka ku magoti. Minye nilikuwa pale. Akatoka mbio, anasema samaki imemukamata!"

"Samaki gani!" mama akajibu. "Ilikuwa majani. Nilimutoa minye mwenyewe, imemuzunguka ku muguu."

"Na alikuwa analia!"

"Alikuwa analia, ndiyo. Mwanaume na ndevu!"

Jirani alizunguka ua, akaingia na beseni lake bado kichwani, akalitua, akakaa. Sasa mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na kicheko kilikuwa kimeisha.

"Tandika mukeka ingine," aliniambia. "Watu watakuja."

Walikuja. Kabla ya jua kuwa kali mtu alikuwa ameshaleta kuni.

Matanga yalipoondolewa nilirudi kwenye kitabu. Niliongeza yale maji ya magotini. Kurasa za mjomba nilizitumia kuwashia moto. Kaka nilimwacha ukingoni mwa mpunga wa Bwegera, ameshakunywa, anamrudishia yule mama kikombe chake. Mbele ya hapo sijui.