Benchi la Bekari

Waliomfukuzisha mama mkwe wangu kazi ni wawili, na najua wote walilala vizuri usiku huo. Wa kwanza ni kijana wa mwenye bekari. Wa pili ni baba yake, Mhindi mzee aliyezaliwa hapa hapa Kisii na anayesema Kikisii kushinda watoto wetu.

Miaka ya tisini bekari hiyo ndiyo ilikuwa inatulisha. Mama mkwe alinitangulia pale zamani. Nilipoandikwa, nikapewa kazi ya kutoa mikate kwa tanuri, na yeye ndiye wa kupokea bati zikiwa moto. Sasa, kwetu humpi mama wa bibi yako kitu mkono kwa mkono. Humwangalii usoni, humsongei. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na si mchezo. Mzee alijua bila kuambiwa. Alileta benchi, akaliweka katikati yetu. Mimi naweka bati, nageukia ukuta; yeye anakuja anachukua. Miaka ikaenda hivyo na mikate haikuungua.

Halafu kijana akarudi kutoka masomoni Nairobi, akapewa umeneja.

"Hii benchi ni ya nini? Mnaweka, mnainua tena. Huo ni uvivu."

 Ningesema nini? Nianze kueleza habari za mama mkwe naye amesimama pale? Yeye mwenyewe aliangalia sakafu. Nikamtazama mzee kwa meza yake. Neno lake moja lingetosha. Akafungua gazeti.

"Mtapeana kwa mkono," kijana akasema. "Mambo ya kijijini muache kijijini."

Benchi likatolewa nje.

Nikavuta bati, joto linapenya gunia nililoshikia. Mama mkwe akaja hatua moja, akasimama, akarudi nyuma. Vidole vikanishinda. Mikate ikamwagika chini.

"Nani amefanya hii?" kijana akauliza.

"Ni mimi, mwanangu," mama mkwe akamjibu. "Nimezeeka. Tafuta mwingine."

Akavua aproni, akaikunja, akaiweka mahali benchi lilikuwa. Nilielewa. Mmoja wetu alikuwa lazima aende, na mimi ndiye niliyelisha wajukuu wake.

Kwa nafasi yake akaletwa kijana mmoja wa upande wa Daraja Mbili. Hata siku haikuisha kabla hajalalamika.

"Bosi, hii kazi ni noma, mikono zinaisha. Si utuwekee hata kameza hapa?"

"Kuna benchi huko nje," meneja akasema, wakicheka wote wawili. "Lete."

Mzee akaniambia kwa Kikisii, polepole, eti unaona, sasa benchi limerudi. Kama ananipa habari njema. 

Nikaweka bati kwa benchi, nikageuka kama nilivyozoea.

"Buda," yule mgeni akaniuliza, "mbona unaangalia ukuta?"