Kutoka Nyumba ya Mama

Nilirudishwa nyumba ya mama nikiwa na miaka arobaini na moja. Kwetu, huku kwenye miteremko ya Nyeri, kijana akishatahiriwa halali tena chini ya paa moja na mama yake. Anajengewa kwake, hata kama ni mbao na mabati mabovu, na tangu siku hiyo akienda kwa mama anakula na kuondoka. Mimi niliondoka nikiwa na miaka kumi na minne. Nikarudi nimebebwa na wanaume wanne kama godoro, nikalazwa katika chumba kilicho karibu na jikoni, ambacho kabla yangu kilikuwa cha kuwekea viazi.

Watu wakisikia nilivunjika uti wa mgongo hutaka kwanza niwasimulie jinsi nilivyoanguka. Nitasema haraka, maana si hapo penye hasira yangu. Nilikuwa fundi wa mawe. Tulikuwa tukijenga nyumba za kupangisha kule Kenol, orofa ya tatu, ubao wa jukwaa ukakatika, nikaangukia mgongo juu ya rundo la mawe niliyoyachonga mwenyewe. Kuanzia kitovu kwenda chini sisikii kitu. Mke wangu alikuwa ameshaondoka miaka mitatu kabla ya hapo, kwa hivyo msimlaumu, na kama mlitaka kunihurumia kwa sababu yake, mmechelewa.

Hospitalini nilikaa miezi mitatu. Kulikuwa na mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mfupi, mkali, ambaye hakuwahi kuniita mgonjwa. Alinifundisha kujigeuza kitandani, kujiinua kwa mikono kila baada ya muda ili makalio yasioze, kujitoa mkojo kwa mpira bila kusaidiwa, na kuteleza juu ya ubao kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Siku ya kwanza ya ubao nililia kwa hasira mbele ya wodi nzima. Yeye alisimama tu akiangalia kucha zake.

"Ukimaliza kulia, kiti bado iko hapo," akasema.

Nilitoka hospitali nikiyajua mambo hayo yote. Nyumbani sikuruhusiwa kufanya hata moja. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, mama alikuwa ameshakifikia. "Wacha, wacha, utajiumiza." Alinilisha kwa kijiko, mimi ambaye mikono yangu ilikuwa imebeba mawe miaka ishirini na haikuwa imevunjika hata kidole. Aliniosha kila mahali. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mwanamume mzima kuoshwa na mama yake namna ile ni jambo ambalo kwetu hata halizungumzwi, na kila asubuhi nilifumba macho nikimchukia mama, beseni, na maji yenyewe.

Kiti changu cha magurudumu kilikuwa cha mchango wa kanisa, kipya kabisa. Mama aliutazama udongo wetu mwekundu, akakumbuka mvua za huku, akaamua kwamba kiti cha watu hakitaharibikia mikononi mwake. Akakiweka sebuleni. Akakivika vitambaa, kimoja mgongoni na viwili kwenye mikono, vile vyeupe alivyofuma mwenyewe na ambavyo vimefunika kila kochi pale ndani. Wageni walipokuja kunijulia hali walikikuta kimepangwa pamoja na makochi, na kwa kuwa ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote, mchungaji ndiye aliyekalishwa pale. Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Mimi nimelala chali chumba cha viazi, yeye amekaa kwenye kiti changu na kikombe cha chai, anajisukuma kwa kisigino mbele kidogo, nyuma kidogo, huku akimwomba Mungu aniinue. Mama akasema amina kwa sauti. Namchukia yule mchungaji mpaka leo, na ni mtu mwema, hajanikosea kitu kingine chochote.

Mwezi wa tano tangu niletwe nyumbani tulirudi kliniki. Yule mama wa mazoezi akanigeuza, akafunua nguo, akainama kuyaangalia makalio. Kisha akamgeukia mama yangu.

"Nani anaishi na huyu?"

"Ni mimi, daktari."

"Hii kidonda imekula mpaka ndani. Ni ya kulala chali kila siku. Kwani hajigeuzi? Kiti yake iko wapi?"

"Iko kwa nyumba. Tumeiweka vizuri, daktari, haina hata tone ya matope."

"Mama, hiyo kiti ilinunuliwa iingie matope! Unataka kuzika huyu na kiti mpya?"

Mama akajifunika uso na leso, akalia pale pale. Mimi nilifurahi. Nilitaka alie. Sikuwa mtu mzuri miezi ile, wala sidhani kama mtu mzuri angetoka katika chumba kile.

Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga, na muda huo wote nililala kifudifudi, uso umeelekea dirishani. Kutoka pale niliiona nyumba yangu. Iko juu kidogo katika shamba hilo hilo, hatua thelathini hivi za mtu anayetembea. Niliijenga mwenyewe, mawe yake nikayachonga moja moja jioni nikitoka kazini, na mlangoni nikaweka ngazi tatu za kujivunia, mjinga mimi. Nikaanza kuona kitu. Asubuhi na jioni kaka yangu mkubwa alikuwa akipanda na ndoo, anafungua mlango wangu, anaingia, anatoka. Siku alipokuja kunisalimia nikamuuliza.

"Unafanya nini kwa nyumba yangu?"

"Si ilikuwa imekaa tu? Niko na vifaranga huko, mia mbili. Nyumba ya mawe inashika joto."

"Toa."

"Nitoe niweke wapi? Na wewe unataka uende huko ufanye nini? Ukianguka nani atakuinua? Hapa uko na mama, unakula, unaoshwa, hufikirii kitu. Ati unaumwa na roho juu ya nyumba. Hata mimi ningependa kukaa hivyo."

Nikamtupia kikombe. Kilimpata sikioni. Alienda akamwambia mama kwamba ile ajali ilinigusa mpaka kichwa.

Lakini hakuwa akisema la kwake peke yake. Hilo ndilo walilokuwa wamekubaliana wote, bila kikao. Mimi nilikuwa nimeisha. Nitalala pale jikoni mpaka mama afe, kisha nitahamishiwa jikoni kwa mtu mwingine. Nikaona waziwazi kwamba nisipotoka katika kile chumba mwaka huo, sitatoka tena.

Kidonda kilipofunga nilimpigia simu fundi mwenzangu, yule tuliyekuwa naye juu ya lile jukwaa. Akaja na saruji bila kuniuliza maswali. Nilimwambia alete kiti kutoka sebuleni. Alivitoa vitambaa kimoja kimoja, akavikunja vizuri akaviweka mezani, maana alimwogopa mama. Nikateleza kwenye ubao nikakaa. Mama alisimama mlangoni akisema kunanyesha, kunanyesha, mpaka magurudumu yakaingia kwenye tope mbele yake.

Tulifanya kazi juma zima. Yeye alichanganya saruji na kumwaga, mimi nilivuta kamba na kushika pimamaji, nikamfokea kama zamani. Njia ikapanda kutoka kwa mama hadi kwangu. Ngazi zangu tatu tukazifunika kwa mteremko. Nikaujaribu asubuhi iliyofuata, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, nikaanguka kichalichali kwenye tope na miguu juu. Nilikuwa nimejenga mteremko wa wilbaro. Miaka ishirini nilikuwa nimejenga miteremko ya kusukumia wilbaro, mkono ukaenda ulikozoea, na mimi mwenyewe ndiye niliyekaa kwenye kiti nikaukagua nikaona uko sawa! Mama akapiga mayowe. Kaka yangu alikuwa pale na ndoo yake ya chakula cha kuku.

"Si nilisema," akasema.

Nilipoinuliwa nilimwambia fundi aubomoe kabla haujakauka sawasawa. Ili uwe mpole ilibidi uwe mrefu, uzunguke, na mahali pa kuzungukia palikuwa pamoja tu, kwenye matuta ya sukuma wiki ya mama. Tuliyang'oa matuta manne. Alitutazama tangu mwanzo hadi mwisho, mikono kiunoni, akaokota majani akaenda kuyapika. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa na deni la maneno mengi kwake na hilo halikuwa la kwanza.

Mteremko ulipokuwa tayari nikamwambia kaka yangu naingia kwangu saa kumi, kuku wawemo wasiwemo. Akawatia kwenye makatoni akilaani, akawapeleka kwake. Ndani kulinuka vibaya mno. Unga wa mbao ulikuwa umejaa sakafuni, na ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa mweusi kwa moshi wa jiko lake la kuwapashia vifaranga joto. Fundi alifagia, akainua kitanda changu kwa matofali mpaka kikalingana na kiti, akaenda zake. Nikafunga mlango kwa ndani. Nilikuwa na hofu kubwa, na hofu hiyo ilikuwa yangu.

Saa moja asubuhi nikasikia miguu ya mama ikipanda kwenye saruji. Miezi minane alikuwa ameusukuma mlango wa chumba cha viazi kwa kiwiko, bila neno, mikono imeshika beseni. Sasa miguu ikasimama. Huku mama haingii kwa mwanawe mwanamume mpaka aitikiwe, na mlango wangu sikuwa nimeufunga kwa ufunguo, na komeo nilikuwa nimelifungua kabla ya kulala, nikiogopa kwamba nikianguka hakuna atakayeweza kuingia. Angesukuma tu ungefunguka.

"Hodi," akasema. "Nimekuletea uji."

Nilikuwa kitandani, nimevaa shati peke yake.

"Ngoja, mama. Navaa suruali."

Manyunyu yalikuwa yameanza, niliyasikia juu ya mabati. Kuvaa suruali ni kubingirika upande huu na kuvuta, kubingirika upande ule na kuvuta, na mguu uliokufa haukupi msaada hata kidogo. Ilikwama gotini. Nikaanza upya. Ningeweza kumwambia aingie, amalize kwa dakika mbili, na yeye alijua. Nilisikia akikohoa mara moja, akihamisha kikombe kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Nilifunga kifungo, nikavuta mshipi, nikateleza kwenye kiti, na wakati wote huo, zaidi ya nusu saa, mama yangu alisimama nje kwenye mvua na uji wake, na hakuugusa mlango.