Jumapili Aliyoikana Koplo Ndolo

Ndolo aliporudi kutoka jeshini mwanzoni mwa miaka ya sabini, alituletea Kathonzweni koti zito la kijani ambalo joto letu halikuwa na haja nalo, na tabia ya kukimbia kila asubuhi bila kufukuzwa na mtu. Mara ya kwanza kina mama waliokuwa wakienda mtoni walimpisha njia kwa heshima, wakidhani kuna msiba mahali na yeye ametumwa kuita ndugu. Kumbe alikuwa anakimbia tu, akifika kwenye mwamba anageuka, anarudi nyumbani kunywa uji.

Tulimwita Koplo, naye hakukataa. Akikaa kwa duka la Musembi na kikombe cha chai mkononi alitufundisha bila kuombwa. Mwili, alisema, ni kama panga, ukiuweka chini unakula kutu. Watu wengi hufa kwa sababu ya kukaa. Mimi nilikuwa jirani yake, ua mmoja tu kati yetu, na sikuwa na muda wa kukimbia kwa sababu nilikuwa nalima. Lakini nitasema ukweli, alipendeza kumtazama. Mgongo ulikuwa wima, na hata akinunua kiberiti ungedhani anapokea amri.

Upande wa pili wa shamba lake aliishi shemeji yake, Nzilani, mjane wa kaka yake mkubwa. Nzilani alikuwa mwimbaji wa kwaya, na Jumapili kwake ilikuwa Jumapili kweli. Maji ya siku hiyo yalichotwa Jumamosi, kuni zilikatwa Jumamosi, hata unga ulisagwa Jumamosi. Alikuwa na mtoto mmoja, Kiema, kijana mwenye miguu mirefu na tabia njema, aliyemaliza darasa la saba na kurudi kuchunga mbuzi kwa kukosa la kufanya.

Halafu chifu akatangaza barazani kwamba jeshi litakuja Wote kuandikisha vijana. Mvua ilikuwa imetukatalia misimu miwili, na siku hizo kwetu, ukiona nyumba ya mabati, ujue ina mtoto jeshini au polisi. Nyumba ya Nzilani ilikuwa ya nyasi. Ndolo alisimama sokoni siku ya soko, mbele ya watu wote, akamshika Kiema bega na kusema huyu ataingia, na yeye ndiye atakayemwingiza. Watu walipiga makofi. Chema chajiuza, lakini Koplo hakuwa mtu wa kungoja mnunuzi.

Mazoezi yalianza kesho yake. Kiema alikimbia kwenye mchanga wa mto mkavu, akapanda kilima na mfuko wa mchanga mabegani, akarudi akihema na kucheka. Mwanzoni aliyapenda kabisa. Kifua kilitanuka, na wasichana wa kwaya walianza kusahau maneno ya wimbo akipita. Lakini Jumapili ilipofika na Ndolo akapiga filimbi yake nje ya ua kama kawaida, Nzilani alitoka na kumwomba siku hiyo moja tu. Ndolo alimjibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Shemeji, jeshi haijui Jumapili. Huko tunakimbia siku zote. Akilala leo, mguu inapoa, na kesho inakataa."

Nani angebishana na askari juu ya mambo ya jeshi? Hata mchungaji alitikisa kichwa tu akanyamaza. Kiema akaacha kwaya, na mama yake akawa anaenda kanisani peke yake.

Baada ya wiki kadhaa nilimwona Kiema akishuka kilima huku akikanyagia upande wa mguu mmoja. Akikaa, mkono wake ulikwenda kwenye muundi bila yeye kujua. Jioni Ndolo aliukanda mguu huo kwa mafuta ya mbuzi hadi kijana akauma shati, kisha akaufunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Nzilani alitaka waende zahanati. Ndolo alikataa, akasema maafisa wakisikia kijana ana kadi ya hospitali watamwita mgonjwa na kumrudisha nyumbani. Maumivu hayo, alisema, ni uvivu unaolia ukitoka. Mficha uchi hazai, wanasema wazee, na hao wawili walificha pamoja.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari ya Wote, Kiema aliamka akakosa raba zake. Alizitafuta chini ya kitanda, akazitafuta kwa mbuzi. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni na kitenge cha kanisa, akimtazama. Alikuwa amezificha ghalani, chini ya kunde. Kijana alipoelewa hakukasirika. Alirudi kitandani akalala hadi jua likawa kichwani, na alasiri akaenda kuimba. Ndolo alikuja akapiga filimbi hadi akachoka. Aliposikia kilichotokea alimwambia Nzilani kwamba ameharibu kazi yake yote. Jioni raba zikatolewa.

Kesho yake huko Wote walimtazama Kiema meno, wakampima kifua, wakamkanyagisha mchanga waone nyayo, na kote akapita. Kisha vijana wakaambiwa wakimbie kuzunguka uwanja. Alikuwa mbele ya wote. Waliokuwepo wanasema mlio ulisikika hadi kwenye ua, kama kijiti kikavu cha kuwashia moto, na Kiema akaanguka akiushika muundi. Wengine walimruka wakaendelea kukimbia, na afisa akaita kundi lingine.

Alirudishwa nyumbani juu ya lori la mchanga, na uwanja wa Nzilani ukajaa watu. Kila mtu alimtazama Koplo, kwa sababu ndiye aliyepigiwa makofi sokoni. Alikuwa amesimama kando ya ghala. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Kisha akasema ile kauli yake.

"Ni hiyo Jumapili. Mguu ilipoa."

Sote tukageuka kumtazama Nzilani, na mimi nilikuwa mmoja wao. Aliingia ndani, akaziokota zile raba, akazitia motoni.

Kiema alipelekwa hospitali, akawekwa plasta, akakaa miezi. Mguu ulipona, ila ukawa mfupi kuliko mwenzake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: alijifunza kushona, akapata kibaraza sokoni kando ya Musembi, akaoa, na cherehani yake ilisikika kutwa. Hakuwahi kumlaumu mtu. Lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Nzilani aliacha kupumzika. Sisemi kwa mafumbo. Ibada ikiisha Jumapili, sisi tukiwa bado tunasalimiana nje ya kanisa, yeye alishavua viatu na kushika njia ya mtoni. Alilima jua likiwaka, akavunja kuni, akabeba maji ya nyumba yake na ya Kiema pia, kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni. Punda wake alikuwa amekufa kwa ile njaa ya themanini na nne. Wazee wa kanisa walipomwonya kuhusu siku ya Bwana, aliwaambia kwamba yeye alishapewa siku moja ya kupumzika akaitumia vibaya, na hana ruhusa ya nyingine. Mkewe Kiema alifundishwa asimzuie mumewe kufanya kazi, hata akiwa na homa.

Na Ndolo je? Ndolo aliacha kukimbia wiki ile ile, akasingizia magoti. Filimbi hatukuisikia tena. Kanisani alikaa nyuma kabisa, na kila alipopata nafasi alimtengenezea shemeji yake kitu. Alimwezekea nyumba, akampelekea mbaazi, akajenga upya lile ghala ingawa halikuwa limeharibika. Sisi tulimsifu sana, tukasema mjane aliyepata shemeji kama huyo amebarikiwa. Mkewe, Kaluki, aliniambia baadaye kwamba kila tulipomsifu hakumaliza chakula. Alisukuma sahani, akatoka nje kutazama kilima. Kaluki alidhani ni tumbo.

Mwaka wa themanini na saba miguu ya Nzilani ilianza kuvimba. Alikuwa akisimama njiani kuvuta pumzi, akijifanya anakaza mukwa. Tulimpeleka zahanati kwa muuguzi Wariara, msichana wa Nyeri aliyejua kazi na asiyeogopa wazee. Wariara alimsikiliza kifua, akamwambia kutembea ni kuzuri na kulima ni kuzuri, lakini moyo wake umechoka na unataka kupumzishwa. Mizigo aache. Alale mchana, na siku moja kwa wiki asifanye kitu. Akiendelea hivyo, hataona mavuno yajayo.

Nzilani alimtazama kwa huruma. "Mtoto yangu, mimi nilipumzisha mtu siku moja. Uliza Kiema atakuonyesha mguu."

Kiema alimsihi mama yake hadi akalia. Hakufaulu, basi akachechemea hadi kwa Ndolo, mkubwa wa ukoo aliyebaki, akamwambia, baba mdogo, wewe atakusikia, mwambie apumzike. Kaluki alikuwa jikoni akisikia. Anasema mumewe aligeuka rangi kama mtu aliyeletewa samansi. Alikubali kwa kichwa, akaenda. Alifika mlangoni kwa Nzilani, akauliza habari za mbuzi, akarudi. Siku nyingine akaenda tena akauliza habari za mbuzi wale wale. Na kila siku Nzilani alipita na maji mgongoni, polepole kuliko jana. Najua Ndolo alikuwa anamwona. Njia ya mtoni inapita mbele ya kiti chake.

Jumapili iliyofuata mimi nilikuwa nikitoka mtoni pamoja na Nzilani. Tulipofika karibu na mwamba alikaa chini ghafla na mzigo wake, mdomo wazi, akitafuta hewa. Nilikuwa namfungua mukwa alipotokea Ndolo akikimbia. Miaka yote hiyo hakuwa amekimbia, na sasa alikimbia vibaya, magoti yakigongana. Alifika akapiga magoti kwenye vumbi. Nilidhani atamwinua.

"Nzilani," alisema, na nilishtuka kwa sababu hakuwahi kumwita kwa jina. "Jeshini, Jumapili tulikuwa tunapumzika."

Nzilani alimtazama bila kuelewa. Ndolo akaendelea akitazama ardhi. Asubuhi ilikuwa gwaride la kanisa, akasema, halafu wanafua nguo, wanaandika barua, wanalala. Hakuna aliyekimbia Jumapili hata siku moja. Na mguu kama ule wa Kiema alikuwa ameuona kambini, maumivu yale yale ya muundi, na daktari wa jeshi alimkataza askari mwenye mguu huo kukimbia hadi upone, na ukapona. Aliyajua hayo yote wakati anakanda kwa mafuta ya mbuzi.

"Hiyo Jumapili yako haikuvunja kitu," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa nimeambia watu sokoni ataingia, nikaogopa watanicheka. Halafu nikaogopa wewe."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilianza kwenye ghala, ikafika kwenye mwamba, na mtu mwingine ndiye aliyeitembea akiwa na mzigo. Nilitamani kumpiga kwa mukwa niliokuwa nimeushika. Nzilani hakulia wala hakumtukana. Alikaa hadi pumzi yake ikarudi, akipangusa vumbi kwenye magoti yake. Mwishowe akasema, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa:

"Basi kosa yangu ni moja. Hizo raba nilificha Jumapili moja peke yake."

Akasimama, akaniegemea, tukaondoka. Mtungi wa maji na mukwa wake tuliviacha njiani. Nilipogeuka nilimwona Koplo akiutia mukwa kwenye paji lake la uso, mwanamume mzima, na wasichana waliokuwa wakitoka mtoni wakaziba midomo kwa leso. Hakuwatazama.

Jioni hiyo alienda kwa Kiema akamwambia vile vile. Kiema akamwomba atoke. Hadi kunde zilipovunwa hakumsalimia. Lakini alienda kwa mama yake, akakaa miguuni pake kama mtoto, na hayo waliyosemezana si yangu kusimulia. Jumapili iliyofuata Ndolo alisimama mbele ya kanisa zima, akaeleza yote bila kujitetea, na hatukujua tutazame wapi, kwa sababu sote tuliwahi kugeuka kumtazama mama yule.

Tangu siku ya mwamba Nzilani hakuenda mtoni tena. Alilala mchana kama alivyoambiwa. Miguu ilipungua uvimbe, akaona mavuno yale, akaona na mengine. Maji yake yaliletwa na Ndolo, kila asubuhi, na Jumapili pia. Hakuna aliyemtuma. Umri ulishamfikia, alikohoa njiani, na Wariara alimwambia naye kwamba mwili wake ungetaka siku ya kukaa. Alijibu kwamba yeye si mgonjwa.

Basi Jumapili moja alifika kuchukua mukwa mahali unapotundikwa, kwenye msumari kando ya mlango, akakuta msumari mtupu. Akatafuta chini, akatafuta nyuma ya nyumba. Nzilani alikuwa amekaa mlangoni na kitenge cha kanisa, akimtazama.

"Shemeji, unatafuta nini?"

"Mukwa."

"Leo ni Jumapili," Nzilani akamwambia. "Enda ulale."

Ndolo akaenda nyumbani, na Kaluki anasema alilala hadi jioni. Mukwa ulikuwa ghalani, chini ya kunde. Nilimwona mama huyo akiuweka.