Kilemba cha Namba Kumi na Moja

Wakati wa Wabelgiji, timu yetu ya Baraka ilikuwa icheze na Kazimia, lakini kitambaa cha kushonea namba kikaishia kwenye kumi. Mama mudogo, mdogo wake mama yangu, mume wake alikuwa mchezaji wa kumi na moja, akabaki na mgongo mtupu. Mama mudogo akavua kilemba chake chekundu, akakikata, akamshonea kumi na moja.

Uwanjani nilikaa kati yake na mama mukwe wake.

"We, unakuja mbele ya bantu kichwa wazi?" mama mukwe, yule mzee, akamuuliza.

"Mama, mutoto yako iko mule. Nataka bote bamuone."

Mzee akanuna. Mara mwanawe akapita na mpira, mzee akaruka juu: "Kumi na moja, kimbia!"

Tulifungwa mabao matatu. Siku mbili nzima mzee hakuwa na sauti, kwa kumshangilia kumi na moja.